Ukuta wa Nani? Herufi C na Swali la Wajibu katika Maandishi ya Ukutani, Ukunda na Pwani ya Kusini

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza maswali mawili: kazi inasema nini, na inasema kwa namna gani. Swali la tatu, yaani kazi inasema juu ya mali ya nani, halijaulizwa sana, pengine kwa sababu karatasi ya kitabu huwa imekwisha kununuliwa kabla ya kuandikwa. Maandishi ya ukutani yanatulazimisha kuliuliza. Mwandishi wake hana karatasi. Ana ukuta, na aghalabu ukuta huo si wake. Msomaji wake naye hakununua chochote. Alikuwa akienda zake sokoni, akasomeshwa.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuitazama sentensi moja ya maneno matatu: "Pwani si Kenya". Katika miaka ya kuelekea uchaguzi mkuu wa Machi 2013 sentensi hiyo ilipakwa kwenye kuta nyingi za Pwani ya Kenya, na Kwale ilikuwa mojawapo ya ngome za kundi lililoifanya kuwa wito wake, yaani Mombasa Republican Council, au MRC. Hatukusudii kuamua kama Pwani ina haki ya kujitenga. Hilo ni suala la wanasheria na wanahistoria, nao wamelishughulikia. Tunalotaka kulijua liko karibu zaidi na kazi yetu. Je, mhakiki anaweza kuisifu sentensi hii kuwa ni sauti ya wanyonge bila ya kumuuliza jirani aliyeisoma akaogopa? Na je, anaweza kuilaani bila ya kuuliza ni nani mwenye kuta?

Kuta za Ukunda

Ukunda iko pale ambapo barabara itokayo Likoni kwenda Lungalunga hukutana na njia ya kuteremkia ufuo wa Diani. Kwa mtu anayesoma kuta, njia panda hiyo hutenga dunia mbili. Upande wa mji kuta zimejaa maneno na picha: kichwa cha mwanamke aliyesukwa kilichochorwa nje ya saluni, orodha ya vyakula kwenye mlango wa hoteli ya chai na mahamri, na rangi za kampuni za simu zilizopakwa kuanzia msingi hadi paa, kiasi kwamba duka lenyewe limegeuka bango. Upande wa ufuo kuta ni ndefu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na hazisemi neno isipokuwa jina la hoteli na onyo la mbwa. Ukimya huo nao husomeka. Unamwambia mpita njia kwamba nyuma yake kuna bahari ambayo babu yake aliifikia bila ya kuomba ruhusa.

Nani basi aliyeruhusiwa kuandika? Kampuni ikipaka duka rangi yake, hiyo ni biashara. Serikali ikipiga alama nyekundu ya X kwenye nyumba itakayobomolewa kupisha barabara, huo ni utawala. Kijana akiandika usiku kwa kopo la rangi, huo ni uharibifu wa mali. Wengi wetu tunaukubali mgawanyo huu bila ya kuufikiria, na tukiulizwa sababu tutajibu kuwa ni ridhaa ya mwenye ukuta. Lakini mwenye nyumba iliyopigwa X hakuombwa ridhaa. Ridhaa, kwa hivyo, haiwezi kuwa kigezo pekee.

Kuna aina ya nne ya maandishi ambayo kwa maoni yetu ndiyo ufunguo wa suala zima, na ambayo hakuna mhakiki anayejisumbua nayo kwa kuwa imetuzoesha macho. Ni ile iandikwayo kwenye uzio wa kiwanja au ukuta wa nyumba, kwa rangi nyekundu au nyeusi, Kenya nzima: "Shamba hili haliuzwi". Mgeni huenda akashangaa. Vitu visivyouzwa ni vingi mno duniani. Kwa nini hiki kitangazwe? Mkenya hashangai. Anajua kwamba kuna walaghai wenye hati za kughushi wanaoweza kumuuzia mtu kiwanja mwenyewe akiwa amelala ndani yake. Aandikaye "haliuzwi" amekwisha kutambua kwamba hati yake, hata ikiwa halali, haimlindi peke yake. Anaiongezea maandishi ya pili, makubwa zaidi, mahali ambapo mwizi na mnunuzi watayaona.

Tuitazame fani yake. Ni sentensi kanushi. Ni ya kutendwa, na mtenda hatajwi: hatuambiwi ni nani asiyeuza. Haina saini. Msomaji wake mkusudiwa hajulikani, kwa kuwa mwandishi hajui mwizi atakuwa nani. Na inahusu ardhi. Sasa tuiweke kando yake "Pwani si Kenya". Nayo ni kanushi, haina mtenda wala saini, inamwambia msomaji asiyejulikana, na inahusu ardhi. Wengi wameiweka sentensi hii katika kundi la matangazo ya uhuru na kuipima kwa vipimo vya katiba. Sisi tunaiona kuwa ni mtoto wa tumbo moja na "Shamba hili haliuzwi": ni onyo la mtu anayeamini kuwa mali yake imeuzwa bila yeye kujua.

Historia inampa sababu ya kuamini hivyo. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar na Waingereza waliwekeana mkataba juu ya utawala wa ukanda wa maili 10 wa pwani. Oktoba 1963 ukanda huo ukaingizwa katika Kenya huru kwa makubaliano mengine. Katikati hapo sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwatambua wenye madai ya mtu mmoja mmoja waliojua kuyaandikisha, na ardhi iliyomilikiwa kwa desturi na jamii kama za Wadigo ikahesabiwa kuwa haina mwenyewe. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 nayo ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini, viwanja vya ufuoni vikiwamo, ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Katika kila hatua kulikuwa na karatasi, na karatasi hizo ziliandikwa na watu wengine. Mwenye kukosa karatasi akaushika ukuta.

Ila kuna tofauti moja, nayo ndiyo inayozaa swali la kimaadili. Mwenye kiwanja huandika "haliuzwi" juu ya ukuta wake mwenyewe. Anayedai pwani nzima huandika juu ya ukuta wowote, kwa kuwa kwa maoni yake zote ni zake. Na katika mji kama Ukunda, ukuta wowote una mwenyewe, na mwenyewe huyo huenda akawa mtu aliyehamia kutoka Machakos au Kisumu na kufungua kibanda cha viazi.

Herufi C

Kabla ya kumfikia mtu huyo wa kibanda, kuna jambo la tahajia ambalo mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita. Justin Willis na George Gona, katika makala yao ya mwaka 2013 kuhusu siasa za kujitenga Pwani, waliiandika kauli hii katika kichwa cha makala kwa sura iliyoonekana mara nyingi: "Pwani C Kenya". Herufi C inasimama mahali pa "si".

Katika Kiswahili sanifu C haisimami peke yake. Haina sauti yake. Hukaa tu ubavuni mwa H ili kuunda CH. Ili C isomeke "si" sharti msomaji ajue jina la herufi hiyo kwa Kiingereza. Ni tahajia ya ujumbe mfupi wa simu, na ni tahajia ya mtu aliyeimbishwa alfabeti ya Kiingereza katika darasa la shule ya msingi ya Kenya, pengine chini ya mwembe, pengine kwa mwalimu aliyepangiwa kazi na Nairobi. Wako waliocheka. Walisema kuwa hawa hawawezi hata kuandika lugha wanayodai kuwa ni yao. Kicheko hicho ni cha haraka. Herufi hiyo moja imesema ukweli kuliko sentensi nzima, kwa sababu inatuonyesha mwandishi ni nani. Si Sultani anayerudi wala mzee wa kaya asiyejua kusoma. Ni zao la shule ya Kenya, na anaikana Kenya kwa kalamu iliyompa Kenya.

Neno la kwanza nalo lina kisa hichohicho. "Pwani" limetokana na kitenzi "pwa", maji kupwa. Ni mahali yanapopwa maji. Kwa maana hiyo kila mwambao ni pwani, wa Kwale na wa Kilwa sawasawa. Pwani iliyo na herufi kubwa, yenye mipaka na watu wake, ni jina la mkoa. Mkoa wa Pwani uliwekwa na serikali, na ukadumu hadi mfumo wa kaunti ulipoanza kazi mwaka 2013. Kwa hivyo kiima cha sentensi kimetoka kwa serikali, kijalizo ni jina la dola, na kikanushi kilicho katikati kimeandikwa kwa herufi ya darasani.

Mhakiki mwenye haraka atasema kuwa sentensi imejipinga yenyewe na ikaanguka. Hatukubaliani naye. Mwana amwambiapo baba "wewe si baba yangu", haelezi nasaba. Analalamikia malezi, na maneno hayo hayaambiwi mtu yeyote isipokuwa baba. Wakaazi wa kaskazini ya nchi wamejulikana kwa muda mrefu kwa kusema "nakwenda Kenya" wasafiripo kwenda Nairobi, na msemo huo wachache waliuona kuwa uhaini. Kikanushi "si" cha Kiswahili kinabeba mambo mawili bila ya kuyatenga: hali ilivyo, na hali inavyotakiwa kuwa. "Pwani si Kenya" yaweza kuwa tangazo: tunajitenga. Yaweza pia kuwa lalamiko: hatutendewi kama Wakenya. Ufundi wa kauli hii, ikiwa unao, umo katika kukataa kuchagua.

Serikali ilichagua kwa niaba yake. Oktoba 2010 MRC iliorodheshwa miongoni mwa makundi zaidi ya 30 yaliyopigwa marufuku kuwa ni ya uhalifu. Julai 2012 Mahakama Kuu mjini Mombasa ikaamua kuwa marufuku hiyo ilikiuka katiba. Oktoba mwaka huohuo kiongozi wa kundi akakamatwa Kombani, katika barabara ileile ya Ukunda. Katika majukwaa ya siasa likasikika jibu la "Pwani ni Kenya". Kama kazi ya lugha, jibu hilo ni dhaifu. Limebadilisha silabi moja na kulijibu tangazo. Lalamiko limeachwa palepale lilipokuwa.

Msomaji asiyechagua kusoma

Hadi hapa tumesimama upande wa mwandishi, na ni rahisi kusimama hapo ukiwa chuoni. Sasa tusimame mlangoni mwa kile kibanda cha viazi.

Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na askari wakauawa. Katika siku na wiki zilizofuata mashambulizi yalienea hadi sehemu za Kwale, Ukunda na Diani zikiwamo. Zaidi ya watu 100 walikufa katika machafuko hayo na makumi ya maelfu, wengi wao watu wa bara, wakayahama makazi yao. Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, iliyachunguza pamoja na machafuko mengine ya kikabila nchini. Linalotuhusu ni kwamba vikaratasi vilisambazwa vikiwataka wabara waondoke. Navyo vilikuwa maandishi bila ya jina, na baadhi ya waliovipuuza hawakupata nafasi ya kuvisoma mara ya pili.

Kisarufi, vikaratasi vile na "Pwani si Kenya" ni vitu viwili mbalimbali. Vya 1997 vilimsemesha mtu na kumwamuru. Sentensi ya ukutani inazungumzia mahali na haimwamuru yeyote. Mtetezi wa grafiti atasimama juu ya tofauti hii, na katika chumba cha semina atashinda. Mlangoni mwa kibanda hatashinda. Aliyekimbia mwaka 1997 akarudi na kujenga tena, akiamka akute maneno hayo juu ya ukuta wake, hatachambua hali ya kitenzi. Atasoma anuani. J. L. Austin alitufundisha mwaka 1962 kwamba kusema ni kutenda. Alichosahau kukisisitiza vya kutosha ni kwamba tendo hilo hukamilishwa na kumbukumbu ya anayesikia.

Mila za Pwani zina uzoefu wa kutosha na maneno yanayoumiza kwa kuonyeshwa. Leso, iitwayo kanga kwingineko, ina jina lake, na mwanamke anaweza kuivaa mbele ya jirani yake ili ujumbe ufike. Akiulizwa atasema aliinunua kwa rangi zake. Lakini mwenye leso yupo. Anaonekana, ana nyumba, na kesho mwenzake anaweza kununua leso ya kumjibu. Muyaka bin Haji naye, katika Mombasa ya karne ya 19, alirushiana tungo na wapinzani waliomjua kwa jina. Mulokozi alipoziainisha tanzu za fasihi simulizi mwaka 1989 aliziweka semi katika fungu lake, na tukitaka tunaweza kuyaingiza maandishi ya ukutani humo. Yatakosa kitu kimoja: semi huhitaji midomo miwili.

Kutokuwa na jina, kwa hivyo, hakumpunguzii mwandishi wajibu. Kunamwongezea, kwa kuwa kumemnyang'anya msomaji njia ya kujibu. Abdilatif Abdalla alitoa waraka wa siri mwaka 1968, "Kenya: Twendapi?", akafungwa kwa ajili yake hadi mwaka 1972, tungo alizoziandika gerezani kwenye karatasi za chooni zikatoka kama Sauti ya Dhiki mwaka 1973 na kutunukiwa tuzo iliyobeba jina la rais yuleyule aliyetawala alipofungwa. Taaluma yetu ilipokea karatasi ya chooni bila ya kusita, basi isijidai kuwa ukuta ni mchafu mno. Ila tuangalie umbo la kichwa cha waraka ule. Ni swali, na kiambishi chake ni "tu". Aliyekisoma aliwekwa ndani ya safari, hata kama hakukubaliana na njia.

Tunarudi kwenye swali la tatu tuliloanza nalo. Hoja yetu ni kwamba ukuta ni sehemu ya fani. "Pwani si Kenya" iliyoandikwa juu ya ukuta mrefu wa matumbawe unaoizuia bahari ni matini moja. Maneno yaleyale, kwa rangi ileile na herufi C ileile, yakiandikwa juu ya kibanda cha mhamiaji ni matini nyingine. Ya kwanza inamjibu aliyekwisha kusema kwa ukimya wake, tena mwenye mawakili na chokaa ya kutosha. Ya pili inamwanza mtu asiyekuwa na ukuta mwingine wa kujibia. Ya kwanza tunaweza kuiita sanaa ya kujieleza. Ya pili ni tishio, na uzuri wa utata wake hauiokoi.

Tutaambiwa kwamba mwandishi wa usiku hachagui; anaandika pale ambapo hakuna taa. Pengine. Basi hata mtunzi wa shairi huelemewa na vina, na hatumsamehi mzani ulioharibika kwa sababu hiyo. Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo Saba, aliandika maneno ya kutaka amani kwenye kuta na milango ya Kibera wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Aliandika katika siku ambazo rangi juu ya mlango iliweza kumaanisha uhai au mauti ya aliyemo, na akachagua maneno ambayo jirani yeyote angeweza kulala nyuma yake. Tutaambiwa pia kwamba ukuta wa hoteli unalisha watu wa Ukunda na kwamba mhudumu wa hoteli naye huusoma. Hili ni zito zaidi, na hatuna jibu lake kamili. Tunasema tu kwamba mhudumu huyo anajua vizuri kuliko sisi upande gani wa ukuta analala.

Chokaa na daftari

Kuhusu kufuta maandishi tutasema machache. Ngomeni Mombasa, katika Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593, wageni hulipa kiingilio na kuonyeshwa michoro ya meli na samaki iliyochorwa ukutani na Wareno waliokuwa na muda wa kupoteza. Katika magofu ya Gedi na Kilwa kuna michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwenye chokaa, ambayo Peter na Margaret Garlake waliichapishia utafiti mwaka 1964. Hakuna anayependekeza ifutwe. Umri umeiondolea kosa, pamoja na kumwondoa yule ambaye ingemkera. Hii ina maana kwamba makumbusho hayawezi kutusaidia katika swali letu, maana huanza kazi msomaji wa kwanza anapokwisha kufa. Sisi tunazungumzia kuta ambazo wasomaji wake bado wanauza viazi.

Wanafunzi wetu wa uzamili sasa wanapenda kukusanya data ya aina hii, na simu zao zinapiga picha nzuri. Picha hubeba mwandiko, na mara nyingi hubeba mahali na saa. Katika nchi ambako sentensi ya maneno matatu imewahi kuwafikisha watu kizimbani, tasnifu yaweza kuwa kielelezo cha mwendesha mashtaka. Yaweza pia kurudisha tishio mbele ya aliyetishwa, kwa kukichapisha kibanda chake pamoja na maneno yaliyokwisha kufutwa. Katika semina yetu tumekubaliana kuwa maandishi ya ukutani yanakiliwe kwa mkono, katika daftari, bila ya jina la mtaa, lakini kwa kutaja aina ya ukuta: wa hoteli, wa shule, wa duka, wa mtu. Tunapoteza mwandiko, rangi na kimo cha herufi, na kwa mwanafani hiyo ni hasara kubwa. Tahajia haisahihishwi.